Maswali Yenu: Kidomozi kwenye Jani la Mkole

Swali: Ndugu Mhariri, nyuma ya nyumba yetu kuna mikole. Upande wa chini wa majani machache nimeona mabaka ya kikahawia, kila moja kama ukucha wa kidole cha mwisho, na jani limekunjika mahali hapo. Sijayaona kwingine hapa kwetu. Ni ugonjwa au mdudu? *Msomaji, Kilifi*

Jibu: Ni mdudu, kidomozi, yaani kiwavi anayechimba ndani ya jani. Chuma jani moja uliinulie jua. Baka la ugonjwa huwa limekauka kotekote. Baka lenu litapitisha mwanga, na ndani mtaona vinyesi vyeusi vidogo kama punje za baruti, pengine na kiwavi mwenyewe. Anaishi katikati ya ngozi mbili za jani. Akiwa mchanga huwa bapa kama karatasi, hukata seli na kunywa maji yake tu, ndiyo maana baka huanza jeupe na tambarare. Akikua hubadilika umbo, akawa mviringo kama viwavi wengine, akaanza kula nyama ya jani na kutandaza hariri ndani ya chumba chake. Hariri ikikauka hujivuta, ngozi ya chini ikafanya vifinyo na jani likainua mgongo kama hema. Hema hilo ndilo linalotufanya tumshuku Phyllonorycter, jenasi ya nondo wadogo mno: mabawa yakinyooshwa, kwa kawaida upana haufiki milimita 10.

Kabla ya kufurahi, hakikisheni si inzi. Pasueni chumba kimoja kwa sindano mkiwa na lenzi ya kukuza mara 10. Kiwavi wa nondo ana kichwa kigumu chenye rangi na taya zinazokutana. Funza wa inzi hana kichwa, ana kijindoano cheusi tu mdomoni. Zile njia nyeupe zinazopindapinda kwenye kunde na nyanya, zenye vinyesi vilivyopangwa vipande vipande kushoto na kulia kwa zamu, mara nyingi ni za inzi Liriomyza, na hao wako kila shamba.

Swali: Nimeona jina Phyllonorycter grewiella likihusishwa na Grewia, yaani mikole. Basi niandike jina hilo? *Msomaji huyohuyo*

Jibu: Hapana, na hapa ndipo kumbukumbu nyingi huharibika. Mwaka 1961 Lajos Vári, mtaalamu wa nondo, alieleza kutoka kusini mwa Afrika P. grewiella pamoja na P. grewiaecola, na wote wawili ni wa Grewia. Mti mmoja, nondo zaidi ya mmoja. Mmea unakufikisha kwenye orodha fupi, lakini haukupi jina. Mapitio makubwa ya kundi hili kwa Afrika yalitoka 2012, na ukiyafungua utaona kwamba aina hutenganishwa kwa michirizi ya bawa la mbele na, zaidi, kwa viungo vya uzazi. Ili kuviona, tumbo la nondo huchemshwa polepole katika potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, halafu husafishwa chini ya hadubini. Kazi hiyo mwachieni mtaalamu, maana tumbo ni moja tu.

Na huo mkole ni mkole gani? Pwani jina hilo hubeba aina kadhaa za Grewia. Kateni kitawi chenye maua au matunda, mkikaushe ndani ya magazeti, mkipeleke kwa wanaojua mimea. Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki iko Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kwa sasa andikeni “Phyllonorycter sp., kwenye Grewia sp.”, ambapo “sp.” maana yake aina bado haijajulikana. Hilo ni jina pungufu lakini la kweli, na litarekebishwa siku yoyote. Jina kamili lililokisiwa hunakiliwa kutoka orodha hadi orodha, na kulifuta ni kazi.

Swali: Nilitia majani matano kwenye chupa ya plastiki nikafunika. Siku ya nne yote yameota ukungu. Nilikosea wapi?

Jibu: Mlichuma mapema, mkajaza mno, na mkafunika bila kitu cha kunyonya maji. Kiwavi huyu hawezi kuhamia jani jingine. Jani likifa angali mdogo, naye amekwisha. Acheni majani mtini hadi hema limeinuka vizuri na mkiliinulia jua mnaona kiwavi mnene au pupa. Msichume yote: mkipata manane, chukueni matatu.

Kila jani na kichupa chake, cha mililita 50 hadi 100. Chini wekeni karatasi ya shashi iliyokunjwa mara mbili. Ikiwa kavu kabisa, dondosheni matone mawili ya maji. Mkiona umande ukutani, badilisheni karatasi na mwache kifuniko wazi nusu saa. Kiwekeni kivulini, mbali na dirisha la jua, na kisiwe karibu na dawa ya mbu. Bandikeni namba siku hiyohiyo, na namba hiyohiyo iwe kwenye picha na daftari. Kagueni kila asubuhi. Nondo akitoka huacha ganda la pupa limechomoza kwenye ngozi ya baka. Ganda hilo litunzeni.

Asipotoka nondo akatoka kijinyigu kinachong'aa, msikitupe. Ni kimelea kilichomla kiwavi, na hutokea mara nyingi. Nacho ni rekodi, chini ya namba ileile.

Nondo mpya mwacheni saa kadhaa mabawa yakauke na kukaza, mpigeni picha akiwa ametulia, kisha mtieni kwenye friza usiku kucha. Kama hamna pini nyembamba za wadudu, msijaribu kumchoma kwa pini ya fundi cherehani, itamla kifua chote. Mlazeni kwenye kidonge kitupu cha jelatini juu ya kipande cha shashi. Wa pili, kama yupo, mtieni kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwa ajili ya DNA. Formalini huiharibu DNA.

Majani yenye mabaka matupu nayo kaushieni kwenye magazeti, mkibadilisha karatasi kila siku kwa siku tatu za mwanzo. Pigeni picha kabla ya kukausha, pande zote mbili, na moja dhidi ya mwanga, rula ikiwa kando. Rangi hupotea, hema hulala.

Swali: Niandike nini ili rekodi yangu ikubalike, na nitajuaje kama kweli ni adimu?

Jibu: Tarehe, mahali, mmea, upande wa jani lilipo baka, mabaka mangapi, yenye kiwavi mangapi na matupu mangapi, tarehe ya kutoka nondo, na jina la aliyeona. Mahali pawe kwa nyuzi zenye desimali nne, ambazo kwetu karibu na ikweta ni kama mita 11. Chini ya miti minene simu hudanganya, kwa hiyo andikeni na ukosefu wa usahihi unaoonyeshwa. “Kilifi” pekee haimsaidii mtu.

Uadimu haupimwi kwa kushangaa. Hesabuni juhudi: mikole 20, majani 50 kwa kila mmoja, kwa jumla 1,000, mabaka manane. Rudieni majani mapya yakishakomaa baada ya masika, na tena baada ya vuli. Siku mtakayokosa, andikeni sifuri. Nondo hawa ni adimu kwenye orodha zetu kwa sababu mbili tofauti, kwamba ni wachache au kwamba hakuna anayegeuza majani, na bila sifuri hatuwezi kuzitenganisha.

Swali: Ndimu zangu huku Muscat zina njia za fedha zinazong'aa kwenye majani machanga. Nimepata adimu? *Msomaji, Oman*

Jibu: Pole, hapana. Mstari mweusi wa vinyesi ukipita katikati ya njia, na ukingo wa jani ukakunjwa mwishoni, huyo ni Phyllocnistis citrella, kidomozi wa michungwa na ndimu aliyeenea duniani.

Swali: Karibu nasi kuna kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Naweza kutafuta humo?

Jibu: Nendeni kwa wazee wa kaya kwanza, mkiwa na jani mkononi la kuonyesha mnachotafuta. Kuchuma ndani ya kaya si jambo la kujiamulia, na wakikubali kupiga picha tu, basi ni picha tu. Kwenye misitu ya serikali kama Arabuko-Sokoke ombeni idhini ya wasimamizi, na utafiti wa kukusanya vielelezo Kenya huhitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Kwa wasomaji wa Tanzania ni COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya huko. Mikole ya nyuma ya nyumba yenu haihitaji idhini ya wazee wa kaya wala ya wasimamizi wa msitu, na ndiyo mnayoweza kuikagua kila wiki.