Bastola Ikigoma Siku ya Mtihani

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni Mtanzania mwenye ukaazi wa kudumu, naishi Houston, Texas. Mwezi ujao nitafanya mtihani wa shabaha wa leseni ya kubeba bastola. Katika mazoezi bastola yangu ya milimita 9 imenigomea mara mbili. Mara ya kwanza nilivuta kifyatulio ikalia "ta" tupu, na mara ya pili ganda la risasi likanasa. Nilibabaika, na Kiingereza chote kikanipotea. Likinitokea jambo hili siku ya mtihani, nitafeli? Niirekebishe mwenyewe au nimwite mkufunzi?
Msomaji, Houston

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hesabu, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Mtihani wa Texas una risasi 50, yaani 20 kwa umbali wa yadi 3, 20 kwa yadi 7 na 10 kwa yadi 15. Alama zote ni 250, na anayefaulu ni yule anayepata 175 au zaidi. Kila risasi ina alama zisizozidi 5, kwa hiyo hata risasi 15 zikipotea kabisa, 35 zilizobaki zikitua zote mahali pa alama 5 zitakufikisha kwenye 175. Risasi moja iliyogoma haiwezi kukufelisha, ila kubabaika baada yake kunaweza.

Kosa la hatari kuliko yote nimelishuhudia kwa macho yangu. Bastola ya mwanafunzi mmoja ilikwama, naye kwa adabu zake akageuka nyuma kumwuliza mkufunzi, bastola ikiwa bado mkononi na kidole kikiwa kwenye kifyatulio. Mtutu ukapita mbele ya matumbo ya watu watatu kabla mkufunzi hajamdaka kifundo cha mkono. Kwetu tumelelewa kumgeukia mtu tunapozungumza naye, lakini kwenye kiwanja cha shabaha desturi hiyo iache mlangoni. Bastola ikigoma, mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha, kidole kitoke kwenye kifyatulio na kilale ubavuni mwa bastola, kisha unyanyue mkono usioshika silaha. Ishara hiyo kila mkufunzi anaielewa, kwa hiyo huhitaji Kiingereza chochote. Usipoona anakuja, endelea kusimama hivyo hivyo.

Kama unaruhusiwa kurekebisha mwenyewe, na kama risasi ulizozikosa muda ulipokwisha utazirudia, mwulize mkufunzi kabla ya kupanda mstari. Akikuruhusu, basi ile "ta" tupu mara nyingi husababishwa na magazini isiyoingia sawasawa au na fataki ya risasi (kile kiwashio kidogo kitakoni mwake) iliyokataa kuwaka. Wakufunzi hufundisha hivi: gonga kitako cha magazini kwa kiganja, vuta slaidi (kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele kila unapofyatua) mpaka mwisho, kisha iachie irudi kwa nguvu zake yenyewe; huko ndiko kukoki. Viwanja vingi, hata hivyo, hutaka ungoje sekunde 30 kwanza huku mtutu ukielekea kwenye shabaha, kwa kuwa mara chache fataki huchelewa kuwasha baruti, na risasi ikalipuka baada ya kutolewa kwenye chemba (tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi kabla ya kufyatuliwa). Amri ya kiwanja ndiyo ufuate, hata kama umezoea vingine nyumbani.

Ganda linalonasa limesimama dirishani, yaani kwenye uwazi wa slaidi linakotokea ganda, kama jino lililoota upande huondolewa kwa namna hiyo hiyo ya kugonga na kukoki. Risasi mbili zikigombania chemba moja kazi huwa ndefu zaidi: funga slaidi nyuma, chomoa magazini, koki mara tatu, kisha pachika magazini na kukoki tena.

Ila ningependa zaidi ujiulize kwa nini ganda linanasa. Slaidi inahitaji mkono mgumu nyuma yake ili irudi mwendo wake wote, na kifundo kikilegea nguvu hiyo humezwa na mkono wako. Tazama pia kama kidole gumba chako hakisugui slaidi. Safisha bastola, utie mafuta kidogo, ujaribu magazini nyingine. Kisha mwombe mtu achanganye risasi mbili tatu bandia, zisizo na baruti wala fataki, katika magazini bila wewe kujua zilipo. Jioni moja ya zoezi hilo itakuondolea woga kuliko maneno yangu.

SWALI: Katika mazoezi nilisikia "puf" hafifu, na mkono haukusukumwa kama kawaida. Mwenzangu alisema nikoki tu niendelee. Je, ni sawa?
Msomaji, Fort Worth

JIBU: Hapana, ndugu yangu, na nashukuru Mungu kwamba umeuliza. Risasi iliyokosa baruti, au yenye baruti haba, husukumwa na fataki peke yake au kwa nguvu ndogo mno, kwa hiyo inaweza kukwama katikati ya mtutu. Ya pili ikifyatuliwa nyuma yake mtutu unaweza kupasuka, pengine mkononi mwako. Hapo ndipo mazoea ya kugonga na kukoki yanapogeuka adui, kwa sababu yanaingiza risasi nzima nyuma ya kizuizi. Usikoki ili kuendelea. Simama, nyanyua mkono, na magazini itolewe na chemba ihakikishwe kuwa tupu. Baada ya hapo ndipo mkufunzi au fundi apitishe fimbo ndani ya mtutu kuona kama una njia. Siku ya mtihani mwulize mkufunzi kama unaweza kumalizia kwa bastola nyingine. Boksi lile la risasi nalo liweke kando, hasa kama zilijazwa upya kwa mkono, kwa kuwa mtu aliyesahau baruti katika risasi moja huenda amesahau katika nyingine.