Kuhifadhi si kufunga mlango
Ndugu, umesema nyumba ya mwandishi ikifanywa makumbusho inabaki jengo la kufuli tu. Itazame ya mwandishi Mark Twain pale Hartford, Marekani. Alihamia humo 1874, familia ikaiuza 1903. Ikawa shule, ikagawanywa vyumba vya kupangisha, ikanusurika kubomolewa 1929 baada ya wenyeji kuipigania. Hawakukimbilia kuweka kamba na vioo: sehemu ya chini waliipangisha maktaba ya umma, kodi ikasaidia gharama. Ukarabati mkubwa ulikamilika 1974, miaka mia kamili tangu ahamie! Kwangu mimi, paa lisilovuja na watu wanaoingia na kutoka ndiyo mwanzo. Samani hufuata; hata kitanda cha Twain kilichotoka Venice, Italia, kilirudi baadaye, zawadi ya bintiye Clara.