Kwa wewe uliyepewa daftari la michango ya vita

Kuomba mchango Dar es Salaam si kazi ngumu. Mji huu umezoea kamati. Mtu hajamaliza kutangaza uchumba, tayari kuna kundi la WhatsApp, mwenyekiti, mweka hazina na orodha ya ahadi. Kwa hiyo ukiambiwa uchangishe kwa ajili ya watu waliokimbia vita Kongo au machafuko Burundi, ufundi wa kuomba unao tayari. Tofauti ni kwamba mchangiaji wa harusi atakuja ukumbini, atakula pilau, atamwona bibi harusi. Huyu wa kwako haoni kitu. Anakuachia elfu kumi yake anaenda zake, na watu uliowaombea wako zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Kariakoo.

Mimi nilianza 2015, na nilianza vibaya. Mei mwaka ule Warundi kwa maelfu walivuka mpaka wakajaa Kagunga, kijiji kidogo kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, milima nyuma, maji mbele. Kipindupindu kikawakuta hapohapo. MV Liemba, meli iliyojengwa na Wajerumani enzi za Vita Kuu ya Kwanza, ikawa inawasomba kuwapeleka Kigoma mjini, na kutoka hapo wanapelekwa kambi ya Nyarugusu. Sisi vijana wa mtaa mmoja Ilala tulipoona picha tukakimbilia kukusanya nguo. Hakuna aliyepiga simu Kigoma kuuliza. Wiki mbili tukawa na viroba arobaini na kitu.

Siku ya kuvichambua nilitamani ardhi ipasuke. Suti za harusini, viatu vya visigino virefu, gauni la bibi harusi pamoja na shela yake, na kiatu kimoja, cha mguu wa kushoto, ambacho mpaka leo sijui aliyekitoa aliwaza nini. Tulipouliza nauli ya fuso, ikawa kubwa kuliko thamani ya mzigo wenyewe. Pesa ile ingenunua mitumba bora zaidi kulekule Kigoma. Na tulipompata mtu wa kule kwenye simu, akatuambia wanataka ndoo zenye vifuniko, sabuni ya mche na dawa ya kutibu maji. Nguo hakuzitaja kabisa.

Basi, kabla hujamwomba mtu hata mia, mpigie anayepokea. Muulize kinachohitajika wiki hii, siyo mwezi uliopita, kisha bei yake sokoni kwao. Kama kinapatikana kule, peleka pesa, achana na viroba. Na jina la atakayepokea ulijue mapema, kwa sababu kambi za wakimbizi huingii kama unavyoingia Mwenge. Zipo chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998, na kibali kinatoka Wizara ya Mambo ya Ndani. Kamati ya mtaa inafanya la maana ikikabidhi mchango kwa shirika ambalo tayari linafanya kazi ndani. Najua utatamani kupiga picha unagawa sabuni kwa mkono wako. Hamu hiyo imeze tu.

Sasa suala la askari, maana hapa wageni wengi wa kazi hii huchanganya mambo. Ukikaa na wazee watakusimulia Vita vya Kagera: Nyerere alipotangaza Novemba 1978 kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunazo na nia tunayo, wananchi walitoa ng'ombe, mahindi, hata magari. Ni kweli, na wanasimulia kwa fahari. Lakini mpokeaji alikuwa serikali. Chakula cha mwanajeshi na blanketi la mtu wa Kyaka aliyechomewa nyumba vilipita mlango mmoja. Wewe si serikali. Kwako iwe madaftari mawili, la familia za askari na la wakimbizi, namba mbili za kupokelea pesa, na aliyemchangia mjane wa askari asije akasikia hela yake imenunua ndoo, hata kama ndoo ilihitajika zaidi.

Askari wetu wa kulinda amani walipouawa Semuliki, Kivu Kaskazini kule Kongo, Desemba 2017, watu wengi mjini walitaka kuzishika mkono familia zao. Nia njema kabisa. Njia yake ni kuandika barua jeshini kuuliza kama wanapokea na kwa utaratibu gani. Usifungue lipa namba usiku ukaanza kusambaza picha za majeneza.

Na akija mtu, hata awe shemeji yako, akikunong'oneza kwamba kuna vijana ng'ambo ya mpaka wanahitaji buti na redio za upepo, funga daftari uondoke. Hapo umeshatoka kwenye msaada, umeingia kwenye sheria ya ugaidi na ya fedha haramu. Askari aliyejeruhiwa, asiyeweza tena kupigana, huyo ni mgonjwa, wa upande wowote ule. Wazo hilo ndilo alilotoka nalo Mswisi Henry Dunant kwenye uwanja wa vita wa Solferino, Italia, mwaka 1859, na Msalaba Mwekundu ukazaliwa humo. Kwa njia, alama yao msiichapishe kwenye fulana. Kijana wetu mmoja alichapisha hamsini akidhani ni alama ya huruma kwa kila mtu. Inalindwa na Mikataba ya Geneva, kwa sababu vitani inamwambia mwenye bunduki asifyatue. Tukazigeuza madekio.

Kuhusu ahadi sitasema mengi, umeshakaa kwenye vikao vya harusi. Ahadi inayotolewa kwenye kipaza sauti igawe kwa tatu. Januari usimsumbue mtu, ada za shule zimemmaliza. Subiri tarehe za mishahara, na zungumza na imamu na mchungaji mapema, siyo asubuhi ya siku yenyewe.

Risiti ndiyo nitaisisitiza mpaka unichoke. Mama ntilie mmoja pale Buguruni alinipa elfu mbili, noti mbili zenye harufu ya mafuta ya kukaangia, akafuta mkono kwenye kanga akaunyoosha: "Karatasi yangu iko wapi, mwanangu?" Nilikuwa sina, nilidhani elfu mbili haihitaji. Alinisubirisha pale na chapati zake mpaka nilipokwenda dukani kununua kitabu cha risiti chenye kaboni. Tangu hapo kila shilingi naiandika, makato ya kutuma na kutoa yana safu yake kwenye kaunta buku, na hesabu nabandika palepale nilipoombea.

Safari ile ya kwanza, baada ya kuuza nguo zilizofaa na kununua ndoo, tulibakiwa na shilingi 83,000. Wajumbe wakapendekeza tuvunje kamati kwa nyama choma, kama ilivyo desturi. Mweka hazina wetu, dada mpole asiyezungumza kikaoni, alikataa, akaituma yote Kigoma ikanunue sabuni usiku uleule. Wajumbe wawili mpaka leo hawamsalimii.