Barua ya keya haikuwa ya watu wawili

SWALI: Shikamoo mama. Sisi ni kikundi cha vijana cha maigizo hapa Kihesa, Iringa. Tumeruhusiwa kutumia ukumbi wa enzi za Mwingereza uliokarabatiwa karibuni: bati jipya, sakafu ya saruji, jukwaa la mbao limerudishwa. Mchezo wetu, ambao nauambatanisha, unahusu binti wa Kihehe na mchumba wake aliyeingia keya (jeshi la KAR la Waafrika chini ya Mwingereza) mwaka 1942 akafika hadi Burma. Vita hatujui tuionyesheje kwa fedha tulizonazo. Ukumbi nao unavuma, maneno hayashikiki. Tena tunabishana: wengine wanataka kijana afe, wengine wanataka arudi. Tusaidie. – Kiongozi wa kikundi, Iringa

JIBU: Marahaba mwanangu, kamwene. Mchezo nimeusoma mpaka mwisho, na yule binti nimempenda. Anasema maneno machache, na anapokasirika anaendelea kutwanga. Msimbadilishe.

Onesho la tatu, vijana wanapotambaa na fimbo mikononi wakiigiza milio ya bunduki kwa midomo, liondoeni lote. Sisemi hivyo kwa sababu ya fedha. Vita ya mchezo huu haiko Burma, iko Iringa, kwenye ua wa mama mkwe, siku barua inapofika.

Bibi yangu mzaa mama aliolewa na askari wa keya, karibu na Tosamaganga. Hakujua kusoma. Barua ilipokuja ilisomwa na katekista, amesimama mlangoni apate mwanga, mama mkwe ameketi karibu yake kuliko mtu yeyote, na mjumbe wa jumbe, yaani wa mkuu wa kijiji, amejisogeza kusikiliza kama fedha imetajwa. Bibi alikuwa nyuma yao, jikoni. Sasa hesabu mwanangu: kule jeshini mume alimwambia mwenzake anayejua kuandika, mwenzake akaandika, mkaguzi wa jeshi akaisoma na kufuta alichotaka kufuta, huku katekista akaisoma kwa sauti na kuwageuzia kwa Kihehe. Neno la mapenzi lilipita midomo na macho yote hayo kabla ya kumfikia mwenyewe jikoni. Kijana angethubutu kusema nini? Alisalimia wazee wote kwa majina, akauliza ng'ombe, akauliza mvua, na mwishoni akasema, “na huyo wa jikoni mwambieni yale maharage nayakumbuka.” Bibi alijua maharage gani. Wengine wote walidhani kijana ana njaa.

Hilo ndilo onesho lenu. Lipeni dakika kumi nzima, msikimbie.

Ongezeni na mambo ya boma, yaani ofisi ya serikali ya wilaya. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ilipwe nyumbani, na fedha hiyo ilichukuliwa kwa Bwana Shauri, ofisa wa Mwingereza wa wilaya, kwa jina lililoandikishwa. Kama ameandikisha la mama, mke ataomba hata shilingi ya chumvi. Kama ameandikisha la mke, mama atalia kijiji kizima kisikie. Mchumba ambaye mahari yake haijakamilika, kama huyu wa kwenu, ana haki gani mbele ya karani? Hapo mna ugomvi ambao kila mama atakayeketi ukumbini ataufahamu bila kuelezwa.

Burma yenyewe itajeni kwa ukweli, kwa maneno machache. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka Bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika ya kule, matope na malaria vikiwaumiza pamoja na Wajapani. Na kuna waliozama kabla ya kufika: meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilipigwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944, watu zaidi ya 1,200 wakafa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo barua ikikatika miezi sita, binti ana sababu ya kutolala. Kwa mavazi, kofia ya ukingo mpana uliokunjwa upande mmoja inatosha. Msishone sare nzima.

Kuhusu ukumbi, mnafanya mazoezi ukiwa mtupu, ndiyo maana unavuma. Watu wakijaa na makoti yao, miili itameza sauti nyingi. Kwa sasa tundikeni mablanketi ukuta wa nyuma, lakini msipige msumari hata mmoja kwenye kuta za zamani. Simamisheni fremu za mianzi. Anayesema amalize neno kabla hajageuka. Vipaza sauti acheni, vitaongeza mvumo. Na tarehe ya Machi mliyoiandika ibadilisheni. Mvua ikipiga kwenye bati, hata padre mwenye koo la radi hasikiki. Chezeni Julai, saa kumi alasiri, watu warudi makwao kabla baridi haijakaza. Kabla ya hapo muoneni afisa utamaduni wa halmashauri kuhusu vibali, na mwende Boma la Iringa, lile jengo la Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016, muone nyumba ya zamani inavyotumika bila kuumizwa.

Afe au arudi? Arudi. Wengi walirudi, na kurudi ni kugumu zaidi kucheza. Jeshini askari wengi walifundishwa kusoma na kuandika, basi na wenu afundishwe. Barua za mwanzo ziwe na mwandiko mzuri wa karani, za mwisho herufi kubwa zilizopinda, zake mwenyewe. Akirudi mwaka 1946, binti anamletea zote zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa, amezitunza bila kujua yote yaliyoandikwa. Kijana anaanza kusoma ile ya kwanza kwa sauti, na mstari wa tatu anasita: hayo hakuyasema. Rafiki yake aliyemwandikia, ambaye alibaki Kabaw, aliongeza maneno yake mwenyewe kwa binti huyu. Na katekista naye aliyasoma yote, akanyamaza. Je, kijana aendelee kusoma, au aikunje? Hapo mwachieni mwigizaji wenu aamue katika mazoezi, mbele ya yule binti, nanyi wengine mkae kimya mumtazame.