Nimeshinda kura kazini lakini hakuna anayeniamini

SWALI: Shikamoo mshauri. Mi nafanya kazi kwa godauni moja hapa Changamwe, tuko kama watu 60 hivi. Mwezi uliopita tulipiga kura ya mwenyekiti wa welfea, ile ya kuchangiana matanga na bili za hospitali. Tukaandika majina kwa vikaratasi tukatia kwa katoni, meneja akaibeba akaingia nayo ofisini kwake akafunga mlango, baada ya nusu saa akaandika kwa grupu ya WhatsApp ati nimeshinda mimi. Hakusema kwa kura ngapi. Sa tangu siku hio nikiingia kantini watu wananyamaza, na mwenzangu tuliyeshindana, ambaye tumekula sahani moja miaka minne, haniangalii usoni. Wallahi sikuiba kitu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Mi nakuamini, lakini mimi kukuamini hakukusaidii kitu, anayefaa kukuamini ni huyo mwenzako wa sahani moja, na yeye hana pa kushika. Hakuona kura zikihesabiwa, hajui alipata ngapi, hajui hata kama vile vikaratasi bado viko. Sisi Wakenya hili tunalijua maanake lilituumiza vibaya. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 1,000 walikufa, na tume ya Jaji Kriegler ilipochunguza ikasema hesabu zilivurugika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda urais. Yaani hata kama kuna mtu alishinda kwa haki kabisa, hakuwa na njia ya kuwaonyesha watu. Ndio wewe sasa.

Hebu angalia vile kituo cha kura kinaendeshwa siku hizi. Asubuhi sanduku linafunguliwa kila mtu aone ni tupu, linafungwa kwa sili zenye nambari, na hizo nambari zinaandikwa. Jioni kura hazipelekwi kwa ofisi ya mtu, zinahesabiwa palepale, karatasi inainuliwa moja moja mawakala wa wagombea waone, idadi inajazwa kwa fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, mawakala wanasaini, wanapewa nakala, na nyingine inabandikwa mlangoni kwa kituo. Kwa hivyo wakala wa aliyeshindwa anaenda nyumbani usiku amechoka na amekasirika, lakini ana karatasi mfukoni na macho yake yaliona. Mi naona hio karatasi yake ndio kazi yote ya uchaguzi, kwa sababu aliyeshinda hahitaji kushawishiwa.

Na fomu peke yake haitoshi kama safari yake imefichwa. 2017 matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 11 Agosti, tofauti ilikuwa karibu kura milioni 1.4, ukiangalia hivi unasema hapo hakuna mjadala, lakini tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi, majaji wanne kwa wawili, maanake jinsi matokeo yalivyopitishwa haikufuata sheria, na tume ya uchaguzi ilipoamriwa ifungue seva zake haikutii kikamilifu. 2022 tume ikaweka fomu za vituo zaidi ya 46,000 kwa tovuti, mtu yeyote mwenye simu ajumlishe mwenyewe. Ushindi ulikuwa mwembamba, asilimia 50.49, makamishna wanne wa tume wakakana matokeo, kesi ikaenda mahakamani, lakini safari hii kila mtu alikuwa na kitu cha kulinganisha na majaji wote saba wakayaidhinisha.

Kwa hivyo fanya hivi. Mwendee meneja kwa adabu, muulize kama vikaratasi viko. Vikiwa viko, omba vihesabiwe upya kantini saa ya chakula, na mwenzako achague mtu anayemwamini yeye, si wewe, akae karibu na anayehesabu. Watu wa shifti ya usiku nao wawe na mtu wao. Kama vilitupwa, omba kura irudiwe. Najua inauma kuachilia kitu umeshinda, lakini sa hivi umeshika nini kwani, cheo ambacho watu hawatakuletea mchango wao?

Ila usikimbilie kurudia kabla hujakaa na mwenzako mkaelewana jinsi ya kupiga na kuhesabu. Kura ya marudio ya 26 Oktoba 2017, upande mmoja ulisema mambo hayajarekebishwa ukasusia, mshindi akapata kama asilimia 98 na wapiga kura waliojitokeza walikuwa karibu nusu ya wale wa Agosti. Asilimia 98 hio haikumtuliza mtu yeyote.

Kuna mtu atasema ati turahisishe, tuinue tu mikono mbele ya meneja. Kataa kabisa. Waulize wazee wenu hapo godauni kuhusu mlolongo wa 1988, watu walipangwa foleni nyuma ya wanasiasa kwenye mchujo wa KANU, chama kilichotawala wakati huo, chifu anakuona, jirani anakuona, na kuna mahali foleni fupi ilitangazwa mshindi na hakukuwa na karatasi hata moja ya kurudia kuhesabu. Kupiga iwe siri, kuhesabu kuwe wazi, msichanganye hizo mbili.

Pia wekeni muda wa malalamiko. Kesi ya urais inafunguliwa ndani ya siku 7 na mahakama inaamua ndani ya siku 14, nchi nzima hio, sa itakuaje malalamiko ya godauni moja yakae miezi kwa droo ya ofisi hadi yageuke uadui?

Na mameneja mnaosoma hapa, hata kama nia yako ni safi, na huyu pengine ilikuwa safi, usihesabu kura za wafanyikazi peke yako. Hata kupandisha mtu cheo ni vilevile, yule aliyekosa aonyeshwe alama zake alizopewa.

Hio katoni nayo msiirudie, mwanangu. Tafuteni mtungi wa plastiki unaoonekana ndani, kama ule wa kuwekea maandazi dukani, na ubao wa kantini ubandikwe idadi za wote wawili, na sahihi ya mwenzako ikiwa chini yake.