Siku Sita Bila Choo: Kabla Hujashika Kipande cha Sabuni

Juzi saa saba usiku simu ilitoa mlio. Mama mmoja anayesoma hapa kaniandikia: "Dada, mwanangu ana miezi miwili, ananyonya tu, leo siku ya sita hajapata choo. Mama mkwe ameshatoa mafuta ya nyonyo. Nifanyeje?" Nikakaa kitandani nikausoma mara tatu. Ni kama niliuandika mimi miaka sita iliyopita, ila mimi sikuwa na wa kumwandikia.

Wangu wa kwanza. Likizo ya uzazi siku 84, na zinavyopita upesi mnajua. Ukianza kuizoea harufu ya mwanao, zimeisha. Habari za kukamua maziwa na kuyatunza sikuwa nazo, nikanunua maziwa ya kopo. Bei ya lile kopo na mshahara wangu havikusalimiana hata siku moja. Na bado, kwa mdomo wangu mwenyewe, nikamwagiza dada wa nyumbani: "Ongeza kijiko kimoja juu ya vile vilivyoandikwa, ashibe alale." Nikajiona mama mjanja.

Wiki ya pili choo kikawa cha mbuzi. Vidonge vidogo vikavu, mtoto anajikamua mpaka uso unaiva, kilio ambacho majirani walishakijua. Kisha siku nne kimya. Siku ya tano narudi kazini, namkuta mama mmoja wa hapo uani, mtu mzima ninayemheshimu hadi leo, amemlaza mwanangu mapajani, mkononi ana kipande cha sabuni ya mche kimechongwa kama penseli. "Nyie wote tuliwalea hivi hivi." Nikasema sawa. Yaani nilisema sawa! Choo kilitoka, na damu juu yake.

Kule tulikokimbilia, nesi alinisema mbele ya foleni nzima, eti na shule yote hiyo namchokonoa mtoto na sabuni. Sijasahau, na sina hakika kama nimesamehe. Daktari ndiye aliyeuliza swali lililohitajika: maziwa mnachanganyaje? Nilipomweleza akatikisa kichwa taratibu. Unga ukizidi maji, mwili wa mtoto unatafuta maji popote, na utumbo unayafyonza hata yale yaliyomo kwenye choo mpaka kinakuwa kokoto. Hiyo kokoto ndiyo iliyomchana, na sabuni ikaja kuwasha kidonda. Tulirudi kwenye kipimo cha kopo: maji kwanza, kisha unga, kijiko kisawazishwe kwa kisu, kisiwe mlima. Siku chache tu, choo kikalainika. Mwezi mzima wa mateso, sababu kijiko kimoja cha kiherehere changu.

Sasa nije kwa wa pili, na hapa mniache nijisifu kidogo. Huyu ananyonya tu. Mwaka huu akiwa na miezi miwili na nusu alikaa siku tisa. Tisa! Mashangazi walipiga simu, wifi akaja na chupa ya dawa ya tumbo, nikaipokea kwa mikono miwili nikaiweka juu ya kabati. Mtoto anacheka, anakojoa vizuri, anajamba kama mzee, tumbo laini, uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda. Nihangaike na nini? Maziwa ya mama mwili wa mtoto unayatumia karibu yote, kinachobaki ni kidogo, kwa hiyo kuanzia kama wiki ya sita anayenyonya tu anaweza kupitisha wiki nzima. Siku ya tisa, katikati ya ibada, akamwaga mpaka mgongoni, juu ya kitenge changu kipya. Laini kabisa. Nusura nipige vigelegele.

Kwa hiyo mama, acha kuhesabu siku, angalia choo chenyewe. Kikiwa laini, hata akijikunja na kulia dakika 20 kabla hakijatoka, hajafunga choo. Bado anajifunza kusukuma huku akilegeza kule chini. Kikiwa kigumu, kikavu, hapo ndipo kazi ilipo. Mwogeshe maji ya uvuguvugu, msugue tumbo taratibu kuzunguka kama mshale wa saa, chezesha miguu kama anaendesha baiskeli. Aliyepita miezi sita mpe papai, parachichi, maji kidogo kwa kikombe, na huo uji wa lishe wenye nafaka saba, karanga na soya, mzito kama zege, hebu uulegeze. Chini ya miezi sita maji hayahitaji. Asali hapana mpaka atimize mwaka. Nyonyo hapana, sabuni hapana, dawa ya baba yake ya kulainisha choo hapana. Kuheshimu wakubwa si kuwakabidhi makalio ya mtoto. Sema "ahsante mama," chukua kile kitu, weka juu ya kabati.

Ila kuna wakati wa kukimbia na si wa kusubiri. Mtoto mchanga aliyemaliza siku mbili tangu kuzaliwa bila kutoa kile choo cheusi cha kwanza. Anayetapika kijani. Tumbo lililovimba na kukaza, damu kwenye choo, homa, kukataa kunyonya. Na aliye chini ya mwezi mmoja asiyepata choo, kampimeni uzito, huenda maziwa hayamtoshi.

Yule mama wa usiku nilimuuliza matatu tu: ananyonya, anakojoa, tumbo laini? Ndiyo zote. Nikamwambia alale, na mafuta ayarudishe kwa heshima. Siku ya nane, saa kumi na mbili asubuhi, nimeshika kikombe cha chai, picha ikaingia. Nepi, imefunguliwa yote. Sikuwa nimeomba picha.