Kabla ya Kumwaga Bakteria Bwawani, Angalia Hewa

Wafugaji wenzangu wanaoniuliza kuhusu bakteria rafiki huanza na swali lilelile: ninunue aina gani? Nami huwarudishia langu: alfajiri samaki wako wanahemea juu ya maji? Kama ndiyo, hela ya bakteria kaa nayo kwanza.

Bakteria si mbolea. Kazi yao ni kufungua kilichomo tayari. Samaki hubakiza mwilini robo hivi ya naitrojeni ya chakula unachomlisha, pengine theluthi. Nyingine huishia majini na kwenye tope. Fosforasi nayo hunaswa chini, hasa tope likiwa na tindikali, ambako hushikamana na madini ya chuma na alumini. Bakteria wa jamii ya Bacillus huozesha kinyesi na mabaki ya chakula, wakaachia virutubisho hivyo. Mwani huvila, wadudu wadogo wa majini hula mwani, na perege hufaidi wote wawili. Bwawa jipya lisilo na tope halina cha kufunguliwa, kwa hiyo lirutubishe kwanza.

Sasa, kuozesha kunakula oksijeni. Ndiyo maana mimi humwaga asubuhi jua likishapanda, mwani ukiwa umeanza kutoa hewa, na kamwe si jioni. Molasi, ile sharubati nzito ya miwa, pia naipima kwa ubahili. Ukiweka kiasi, bakteria hupata kaboni ya kujengea miili yao wakitumia amonia (taka ya samaki yenye sumu) iliyo majini. Ukizidisha, wanazaliana kwa fujo na hewa inakwisha usiku.

Wale wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, kama Nitrosomonas na Nitrospira, hufanya kazi polepole sana. Usitegemee maajabu kesho yake. Tena kila gramu 1 ya naitrojeni ya amonia wanayoigeuza hula takribani gramu 7 za alkalini, yaani kile kinachozuia pH (kipimo cha tindikali ya maji) kuyumba, zikihesabiwa kama kalisi kaboneti. Nikiona pH inateremka chini ya 7, naongeza chokaa ya kilimo kabla ya kufikiria pakiti nyingine.

Na kama umetoka kutibu bwawa kwa klorini, fomalini au permanganeti ya potasiamu, subiri dawa iishe nguvu. Usiue kwa mkono mmoja unachopanda kwa mwingine. (Nimeshaona hata watu wakiloweka bakteria kwenye maji ya bomba yenye klorini!)

Kujua kama kazi inakwenda, zamisha mkono hadi kiwiko. Kiganja kikianza kupotea machoni hapo na maji ni ya kijani, chakula asilia kipo. Maji yakiwa ya kahawia ya udongo, kipimo hicho hakina maana. Chokora na tope kidogo: likinuka yai viza, chini hakuna hewa, na bakteria wa dukani hawataliokoa. Hapo ni kupunguza chakula, kutoa tope au kuweka mashine ya hewa.

Dukani, pakiti isiyotaja majina ya bakteria, idadi yao wala tarehe ya kuisha muda huwa naiacha palepale rafuni.